Mswaki, Mashaka na Haki: Somo Kuhusu Afya ya Kinywa Kwetu West Nile



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, somo la toleo hili nimelibeba kutoka Koboko. Likizo iliyopita wanafunzi kadhaa wa jumuiya yetu tulitoka Arua kwenda huko kutoa elimu ya afya baada ya swala ya Ijumaa. Mwenzetu mmoja alipewa malaria, mwingine maji safi, na mimi, kwa kuwa nasoma uuguzi, nikapewa meno. Nilisimama chini ya mwembe kando ya msikiti nikasema yaliyomo kwenye vitabu vyetu: pigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, badilisheni mswaki kila baada ya miezi mitatu, mwoneni daktari wa meno hata kama hakuna kinachouma.

Mama mmoja aliyetoka upande wa Lobule akanyoosha mkono. Alikuwa amejifunga leso shavuni.

"Mwanangu, ahsante kwa mafundisho," akasema. "Nyumbani kwangu tuko tisa. Dawa moja ya meno itatufikisha siku ngapi? Na huyo daktari wa kumwona kabla sijaumwa, yuko wapi? Mimi hata wa kumwona baada ya kuumwa sijampata."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akaifungua ile leso, nikaona shavu limevimba mpaka chini ya taya.

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu, na pia kujijibu mwenyewe. Kwa nini maradhi ya kinywa, ambayo mengi yanazuilika, yanawapata zaidi wasio na uwezo, na sisi vijana wa Kiislamu tuliobahatika kufika chuo kikuu tunadaiwa nini katika jambo hilo?

Neema ya kinywa

Tuanze na Kitabu cha Mola wetu. Katika Surat al-Balad, Allah anamkumbusha mwanadamu kwamba amempa macho mawili, ulimi na midomo miwili. Wengi wetu tumeihifadhi sura hii tangu madrasa. Lakini tazama kinachofuata. Mara tu baada ya kutaja ulimi na midomo, sura inazungumzia njia ngumu ya mlimani ambayo mwanadamu hakujitosa kuipanda. Njia hiyo ni ipi? Ni kumkomboa mtumwa, na kulisha siku ya njaa: kumlisha yatima aliye jamaa, au maskini aliye hohehahe mavumbini.

Kwa ufahamu wangu mdogo, mpangilio huu una funzo. Umepewa kinywa, kisha unaulizwa kuhusu kinywa cha mwenzako. Hesabu ya neema haiishii kwenye meno yako kuwa meupe. Inavuka hadi kwa yule anayeshindwa kutafuna hata hicho chakula alichopewa.

Hadithi ya mswaki tunayoisoma nusu

Hadithi mashuhuri kuhusu mswaki wameipokea Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba lau Mtume (s.a.w.) asingechelea kuutia mashaka umma wake, angewaamrisha kupiga mswaki kwenye kila swala.

Kila Ramadhani tunaisikia hadithi hii, na kila mara mkazo unawekwa kwenye mswaki. Ni sawa, kwa sababu inaonyesha jinsi usafi wa kinywa ulivyo mkubwa katika dini. Hata lugha yetu imebeba Sunna hiyo: neno "mswaki" limetokana na Kiarabu, na leo tunaliita hivyo hata brashi ya plastiki ya dukani. Lakini hadithi ina nusu nyingine. Mtume (s.a.w.) alilipenda jambo hili, akaona kheri yake, na bado hakulifanya faradhi. Kwa nini? Kwa sababu aliwafikiria watu wake, akajiuliza nani ataweza na nani atataabika.

Hapo ndipo nilipokosea pale Koboko. Nilikuwa na nusu ya kwanza, yaani amri ya usafi, na sikuwa na nusu ya pili, yaani kupima mashaka ya anayeamrishwa. Wataalamu wa afya ya jamii wana jina la nusu hiyo ya pili: usawa katika afya. Kila mtu apate nafasi ya kweli ya kuwa na afya njema, na anayeanzia mbali zaidi asaidiwe zaidi, ili umaskini, umbali au ukimbizi usiwe ndio unaoamua nani abaki na meno.

Jino linavyooza

Ili tuone umaskini unaingilia wapi, tufahamu kwanza jino linavyooza.

Kinywani mna vijidudu vingi ambavyo hujikusanya juu ya meno na kufanya utando laini unaonata, tunaouita ukoga. Tunapokula au kunywa kitu chenye sukari, vijidudu hivyo huitumia sukari na kutoa tindikali. Tindikali hulainisha gamba gumu la nje la jino kwa kunyonya madini yake. Mate hufanya kazi ya kurekebisha: huipunguza tindikali na kurudisha madini, lakini yanahitaji muda, kama nusu saa au zaidi. Anayekunywa soda kidogo kidogo mchana kutwa hayapi mate yake muda huo. Ndiyo maana idadi ya mara unazokula sukari kwa siku ina uzito mkubwa. Floridi iliyo kwenye dawa ya meno husaidia madini kurudi na kulifanya gamba liwe gumu zaidi dhidi ya tindikali.

Sasa zingatia hatua zake. Mwanzo hutokea doa jeupe. Halina maumivu na bado linaweza kurudi nyuma. Kisha hutoboka tundu dogo, ambalo nalo kwa kawaida haliumi, na linaweza kuzibwa. Tundu likifika ndani ya jino, baridi na utamu huanza kuchoma. Likifika kwenye kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, mtu halali usiku. Mwisho kiini hufa, usaha hujikusanya kwenye mzizi, na jipu hutokea. Usaha huo ukienea chini ya ulimi na kuingia shingoni, unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye meno methali hii ni kweli kwa neno lake: ziba tundu, la sivyo utang'oa. Ila siku za kuziba ni zile ambazo jino haliumi, na asiye na nauli haendi hospitali kwa kitu kisichouma. Husubiri mpaka ashindwe kulala, na siku hiyo kuziba hakuwezekani tena kirahisi. Kilichobaki ni koleo. Mwenye uwezo na asiye nacho wanaweza kuanza na tundu la aina moja, mmoja akatoka na jino lililozibwa na mwingine akatoka na pengo, bila yeyote kati yao kuwa mzembe kuliko mwenzake.

Yule mama wa Lobule tulimchangia nauli pale pale, akapelekwa Arua, usaha ukatolewa na gego likang'olewa. Alhamdulillah, alipona. Lakini tulimsaidia mmoja. Chini ya ule mwembe walikuwepo wengi.

Hali ilivyo kwetu

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba maradhi ya kinywa yanawapata karibu watu bilioni 3.5, yaani karibu nusu ya watu wote duniani. Katika kila wanne wanaougua, watatu wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Mwaka mmoja kabla, mwezi Mei 2021, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize afya ya kinywa katika huduma za msingi, badala ya kuiacha pembeni kama anasa.

Hapa Uganda, ada za matibabu kwenye vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Hilo ni jambo la kheri na limewasaidia wengi. Lakini huduma zetu zimepangwa kwa ngazi: kituo cha afya cha ngazi ya pili kwenye parokia, cha tatu kwenye kata ndogo, cha nne kinachohudumia eneo pana zaidi, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa kama ile ya Arua. Kwa kawaida mtumishi wa meno anatarajiwa kuanzia ngazi ya nne kwenda juu. Kwa hiyo malaria inaweza kutibiwa karibu na nyumbani, ilhali jino linahitaji safari. Kutoka Koboko mjini hadi Arua ni kama kilomita 55 za lami, na anayetoka kijijini ana safari nyingine ya bodaboda kabla hajaiona hiyo lami. Tiba ikiwa bure, nauli si bure, wala siku nzima ya kuacha shamba na watoto.

Ongeza na haya. Koboko iko kwenye kona inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, na wakimbizi wanaishi Lobule kama wanavyoishi Rhino Camp. Mtu aliyekimbia na watoto mgongoni hakukumbuka kubeba mswaki. Tumbaku nayo imelimwa West Nile kwa miaka mingi, na kuivuta au kuitafuna ni chanzo kikubwa cha maradhi ya fizi na saratani ya kinywa. Na katika duka dogo la kijijini biskuti, peremende na soda hazikosekani, ilhali dawa ya meno mara nyingine huikuti.

Chonge langu

Nataka niseme jambo ambalo marafiki zangu chuoni hawalijui. Upande wa kushoto chini sina jino la chonge. Wengi hudhani niling'oka nikicheza mpira. Sivyo. Nilipokuwa mtoto mchanga niliharisha kwa siku nyingi na homa ikapanda. Haboba, yaani nyanya yangu, alinifungua mdomo akaona fizi imevimba mahali ambapo chonge zinakaribia kuota. Akaambiwa hayo ni meno ya uongo, ndiyo yanayoniua. Nikapelekwa kwa mtu anayeyatoa, akayachimbua kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa.

Desturi hii inajulikana sehemu nyingi za Uganda kwa jina la ebino, na ndugu zetu wa Tanzania huita meno ya plastiki au ya nailoni. Kinachochimbuliwa ni chipukizi la jino halisi la mtoto. Mtoto anaweza kuvuja damu, kupata pepopunda, maambukizi ya damu au hata virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichotumiwa kwa wengine, na jino la ukubwani linaweza kuharibika au kutoota kabisa. Na kuhara kwenyewe hakutibiwi. Umri ambao fizi inavimba ndio umri ambao mtoto anaanza kula chakula kingine, kunywa maji yasiyo salama na kutia kila kitu mdomoni. Ugonjwa unatoka huko, au kwa mbu wa malaria. Jino halina hatia.

Nilipojifunza haya darasani, nilimkasirikia haboba. Nilikwenda nyumbani na hasira zangu. Nikamkuta uani kabla ya Alfajiri, akitafuna kijiti cha mwarobaini kama alivyonifundisha tangu nikiwa na miaka minne, akisafisha jino moja moja kabla ya kutia udhu. Hakuna aliyenihimiza usafi wa kinywa kuliko yeye. Nilipomwuliza kuhusu chonge, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mvua ilikuwa imekata njia. Ulikuwa unakufa mikononi mwangu. Yule mtu alikuwa karibu."

Hasira zikaniisha. Kitendo kilikuwa na madhara, na kanuni ya fiqhi iko wazi kwamba madhara huondolewa. Tusiitetee desturi hii hata kidogo. Lakini sababu aliyonipa haikuwa ujinga. Alisema alikuwa karibu. Mwenye spoku alikuwa karibu, na mwenye chumvi ya kurudisha maji mwilini alikuwa mbali. Tukimlaumu haboba tukaishia hapo, bado yule mtu atabaki kuwa ndiye aliye karibu kwa mtoto ajaye.

Dawa iliyotoka kwa majirani

Mtu anaweza kusema, huduma ya meno ni ghali, inataka umeme, mashine na kiti maalumu, vijijini haiwezekani. Historia ya Afrika Mashariki inamjibu. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, walianzisha njia ya kutibu meno yaliyooza bila umeme na bila mashine ya kutoboa. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu ya meno inayonata na kutoa floridi. Mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Njia hiyo imeenea duniani, na inaweza kufanyika juu ya meza ya madrasa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, na dawa ya maji yenye fedha na floridi inayopakwa kwenye tundu ili kusimamisha uozo, ingawa huacha weusi. Kwa hiyo vifaa vipo, na si vya ajabu. Kinachopungua ni kuvifikisha, na watu wa kudai vifikishwe.

Tufanye nini?

Kwanza, tujirekebishe wenyewe. Pigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, hasa kabla ya kulala. Temeni povu, msisukutue kwa maji mengi. Mtoto chini ya miaka mitatu atiwe dawa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Kwa kipimo hicho dawa moja hudumu zaidi, na hili ni sehemu ya jibu la yule mama. Asiye na brashi atumie kijiti kibichi kilicho safi, akitafune ncha mpaka iwe nyuzi laini, apige taratibu bila kuumiza fizi, aikate ncha ikichakaa, na kila mtu awe na chake. Kijiti husafisha vizuri kikitumiwa sawasawa, ila dawa yenye floridi ikipatikana isiachwe. Punguzeni soda za kusomea usiku, na jiepusheni na tumbaku na mairungi.

Kwa aliyefunga, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wamesema ni makuruhu kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Wengine wengi hawakuona ubaya wakati wowote. Dawa ya meno inachelewa kumezwa, basi itumieni baada ya daku kabla ya Alfajiri, na tena usiku. Ramadhani isiwe mwezi wa kuacha meno.

Pili, tubadilishe namna ya kutoa elimu. Tusiende tena Koboko na maneno matupu. Kabla ya kwenda, tuombe ofisi ya afya ya wilaya itupatie mtumishi wa meno wa kufuatana nasi, hata kwa siku moja. Sadaka tunazokusanya zinunue dawa za meno na miswaki. Katika madrasa, mafunzo ya udhu yaende pamoja na mswaki, kwani mtoto anayejifunza kusukutua anaweza kujifunza na kusugua. Na tuzungumze na haboba zetu kuhusu meno ya uongo kwa adabu, tukiwaonyesha cha kufanya mtoto anapoharisha: maji ya chumvi maalumu mara moja, kisha kituo cha afya.

Tatu, tuulize. Mipango na bajeti za wilaya na za serikali za mitaa hujadiliwa kila mwaka. Wangapi kati yetu tumewahi kumwuliza diwani wetu kama kituo chetu kina mtumishi wa meno, na kama ana vifaa vya kuzibia au koleo peke yake? Sadaka ilimpeleka mama mmoja Arua. Haki ni huduma imfuate aliko.

Ndugu zangu, namalizia na kisa kingine cha mswaki, kilichomo katika Sahih Bukhari. Katika saa za mwisho za Mtume (s.a.w.), Abdurrahman bin Abi Bakr aliingia akiwa na mswaki mkononi. Mtume akautazama. Bibi Aisha (r.a.) akafahamu kwamba anautaka, akauchukua, akaulainisha kwa meno yake mwenyewe, kisha akampa. Mwili ulikuwa umedhoofika, hakuweza kuulainisha peke yake. Na Bibi Aisha hakungoja kuombwa.

Wako wengi Koboko na Arua wanaoutazama mswaki hivyo. Tuwalainishie.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoipanda ile njia ya mlimani. Amin.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kwa nini Mtume (s.a.w.) hakuufanya mswaki kuwa faradhi, na hilo linatufunza nini tunapotoa ushauri wa afya?

2. Katika hatua za kuoza kwa jino, ni ipi ambayo watu wa kijijini kwenu hufika kwa mtumishi wa afya? Nini kinawachelewesha?

3. Je, katika familia yenu kuna aliyetolewa meno ya uongo? Mngezungumza vipi na mzee aliyempeleka?

4. Taja jambo moja ambalo halaqa yenu inaweza kulifanya kabla ya tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.